Michoro Inayopotea Katika Faili za PDF

Wasomaji wetu wengi wamepata kupokea mchoro uliowekwa katika faili ya PDF: nembo, kadi ya mwaliko, tangazo, au jalada la gazeti kama hili. Ukiufungua ili kuutazama, huuona kamili. Lakini ukiuingiza katika programu ya kuchorea ili uurekebishe, pengine sehemu nyingine hazionekani. Katika somo hili napenda kueleza sababu za jambo hilo, na namna ya kuzitafuta sehemu hizo. Mifano yangu ni ya programu ya Inkscape, ambayo hupatikana bila malipo, na ndiyo tunayotumia kupanga jalada letu.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kanuni ya kimataifa. Nia yake ni kwamba ukurasa uonekane vile vile katika kila kompyuta na kila mtambo wa kupigia chapa. Kurekebishwa si kazi yake ya kwanza. Ndani yake mna amri: piga mstari hapa, jaza rangi hii, weka herufi ile, funika sehemu hii. Programu ya kuchorea hujaribu kuzigeuza amri hizo ziwe vitu vya kushikika na kusogezwa. Amri isiyoielewa huiacha, au huigeuza vibaya.

Basi jambo la kwanza ni kuifungua faili katika programu ya kusomea tu, na kuandika orodha ya kila kitu unachokiona. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama kitu hakionekani hata huko, mwombe aliyechora akuletee faili nyingine. Kama kinaonekana, faili ni nzima. Kasoro imo katika kuingiza. Hapo chunguza mambo haya matano.

1. Huenda kitu kiko nje ya ukurasa. Bonyeza namba 4, nawe utaona mchoro wote, hata uliotoka nje ya mipaka.

2. Huenda tabaka lake limefichwa. Bonyeza Ctrl, Shift na L pamoja ili uone orodha ya matabaka na vitu vyote. Penye alama ya jicho lililofungwa, lifungue.

3. Huenda ni cheupe juu ya karatasi nyeupe, au kimefunikwa na kingine. Bonyeza Ctrl na 5, ukirudia mpaka rangi zote ziondoke na kubaki mistari mitupu. Kilichojificha kitaonekana umbo lake.

4. Huenda herufi zake hazimo. Ikiwa fonti haimo katika kompyuta yako, maneno huweza kubadilika sura au kutoweka. Ingiza faili upya kwa njia ya Poppler, inayotolewa katika dirisha la kuingizia. Njia hiyo hugeuza herufi kuwa maumbo; lakini ujue kwamba hutaweza tena kuyasahihisha maneno kwa kuyaandika.

5. Huenda rangi yake ni ya kufifia polepole, au ina kivuli kinachopenya mwanga. Hizi ndizo amri zinazozishinda programu nyingi. Jaribu Poppler kwanza. Ikishindikana, igeuze sehemu hiyo kuwa picha ya nukta 300 kwa kila inchi: nembo ya upana wa inchi 2 itahitaji nukta 600.

Muhula uliopita tuliletewa nembo ya shule katika PDF. Ngao ilikuwapo, kitabu kilikuwapo, lakini mwenge haukuonekana. Mwenzetu mmoja akashauri tuuchore mwingine. Tulipobonyeza Ctrl na 5, mistari ya mwenge ikaonekana mahali pake, ndani ya umbo dogo lililoukata. Tukalichagua kundi lile, tukaondoa kikato kwa menyu ya vitu, na mwenge ukatokea na miali yake yote mitatu. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika tano.

Lau tungechora mwingine, shule ingekuwa na nembo mbili: moja katika vyeti vya waliotutangulia, na nyingine katika gazeti hili. Nembo ni kama sahihi ya mtu. Haifai kubadilika kwa sababu kompyuta imeshindwa kuisoma.

Mwisho, kabla ya kumpelekea mpiga chapa, toa PDF mpya, uifungue katika programu ya kusomea, na uilinganishe na ile orodha yako, kitu kwa kitu. Gazeti hili hupigwa chapa kwa fedha za wazazi, na nakala zikishatoka mtamboni hazirekebishiki. Mwenye faili iliyomshinda na ailete kwa kamati ya gazeti, tuitazame pamoja.