Dhana Potofu katika Usomaji wa Sayansi: Mfano wa Majira ya Mwaka

Mwanafunzi haji darasani akiwa mtupu. Kabla ya kufungua kitabu cha sayansi amekwisha kujieleza mambo mengi ayaonayo, na baadhi ya maelezo hayo si sahihi. Asomapo, hulipokea lile linaloafikiana na dhana yake na kulipita lile linaloipinga. Hivyo aweza kukariri jibu la mtihani, na dhana potofu ikabaki pale pale.

Wanafunzi wengi, kwa mfano, huamini kwamba joto huja Dunia inapolikaribia Jua. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam kitabu chenyewe chaelekea kuithibitisha dhana hii: mwanzoni mwa Januari, wakati wa joto, Dunia huwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi kutoka kwenye Jua, mwanzoni mwa Julai, wakati wa kipupwe, huwa kilomita milioni 152. Mchoro uonyeshao njia ya Dunia kama yai humzidishia imani hiyo, ingawa njia hiyo hukaribia kuwa duara kamili.

Mwanafunzi huyu hastahili kubezwa, kwani amefikiri kwa hoja. Mwalimu aweza kufuata hatua hizi:

1. Kabla ya kusoma, kila mwanafunzi aandike kwa nini Januari huwa na joto kuliko Julai.

2. Dhana itajwe waziwazi, kisha ipambanishwe na jambo isiloweza kulieleza. Januari hiyo hiyo Uingereza huwa katika majira ya baridi. Je, Dunia haikulikaribia Jua yote kwa pamoja?

3. Ndipo yasomwe maelezo sahihi. Mhimili wa Dunia umeinama kwa nyuzi 23½ hivi. Mwezi Januari nusu ya kusini huwa imelielekea Jua, mchana wake ni mrefu, na miale huiangukia karibu na wima. Nusu ya kaskazini hupata miale ya mshazari na mchana mfupi.

4. Mwanafunzi alirudie jibu lake la kwanza, alisahihishe, na ataje sentensi ya kitabu iliyombadilisha.

Kitabu kitajacho ukweli peke yake huliacha kosa likae kando yake. Kosa huondoka linapotajwa, likaonyeshwa upungufu wake, na papo hapo yakaletwa maelezo bora. Kitabu kisipofanya hivyo, kazi hiyo ni ya mwalimu.

Zoezi: Iwapo mhimili wa Dunia usingeinama, je, Uingereza ingekuwa na majira kama ya sasa? Toa sababu.