Dondoo muhimu: Kucheza Vector ukiwa Bariadi

Mchezo huu wa kampuni ya Nekki ulitoka 2012, mwaka uleule Simiyu, ulipo mji wa Bariadi, ilipomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga ikawa mkoa. Pakua ukiwa na bando la kutosha, kisha zima data: mbio zinaendelea bila intaneti, na matangazo yanapungua.

Mkimbiaji hukimbia mwenyewe, kushoto kwenda kulia. Kazi yako ni kutelezesha kidole: juu aruke, chini apite chini ya vizuizi. Kwenye kompyuta tumia vishale. Nyota tatu hazipatikani kwa kasi peke yake. Nunua mitindo ya kuruka kwa sarafu za mchezo, kisha uwahi alama inayoonyesha pa kuifanyia. Mlinzi anayekukimbiza kwa nyuma akikufikia hana msamaha, ni shoti ya umeme tu.

Wakati wa kiangazi, vumbi na jasho la kidole hufanya kioo kigome mkimbiaji akiwa hewani. Kifute kwanza kwa kitambaa laini, na upunguze mwanga, maana betri inakwisha upesi.

Wadogo zako wasijaribie miruko hii kwenye mabati ya jirani. Parkour halisi, yaani ile mbinu ya kukimbia na kuruka vizuizi inayoigwa na mchezo huu, iliyoanzishwa na David Belle huko Lisses, Ufaransa, huanzia chini, kwa kujifunza kutua.