Nyaya za Umeme na Ndege Zirukazo Chini: Wajibu wa Wakazi wa Mpakani

Ndege ndogo inaporuka chini karibu na nyaya za umeme, hatari haimkabili rubani peke yake. Waya uliokatwa huangukia shamba, njia au malisho, na mwananchi anayekimbilia kuokoa aweza kupoteza maisha kabla hajamfikia majeruhi. Somo hili laeleza chanzo cha ajali hizo, na yale yampasayo mkazi wa mpakani, awe ng'ambo hii ya mto au ile.

Kwa nini ndege hushuka chini

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zaelekeza kwamba ndege inayoongozwa kwa macho ya rubani isiruke chini ya mita 150 kutoka ardhini au majini. Juu ya miji na mikusanyiko ya watu, yapasa iwe mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Kuruka na kutua hakumo katika masharti hayo, wala kazi zilizopewa kibali maalumu, kama vile kunyunyizia dawa dhidi ya nzige na kwelea kwelea, kuhesabu wanyamapori, au kufanya doria hifadhini. Aidha, rubani aliyezingirwa na mawingu huweza kushuka akitafuta kuiona ardhi.

Kwa nini rubani hauoni waya

Sisi tulio chini huuona waya kwa sababu nyuma yake kuna anga jeupe. Rubani autazamapo kutoka juu, nyuma yake kuna msitu, majani makavu au vilima, na waya uliochakaa kwa jua na mvua hufanana na mandhari hayo. Ndiyo maana marubani hufundishwa kuitafuta minara badala ya nyaya. Hata hivyo, bondeni minara huweza kusimama juu ya vilima viwili, huku nyaya zikivuka mto katikati pasipo nguzo yoyote. Juu kabisa ya minara hupita waya mwembamba wa kukinga radi. Rubani aliyeziona nyaya nene akainua ndege ili kuziepuka, aweza kuugonga huo.

Muda nao ni mfupi. Ndege iendayo kilomita 180 kwa saa hupita mita 50 kila sekunde. Rubani akiuona waya ukiwa mita 150 mbele yake, amebakiwa na sekunde 3 za kutambua, kuamua na kugeuza ndege.

Jambo hili latuhusu kwa karibu. Kutoka katika mtambo wa Rusumo wenye uwezo wa megawati 80, ambao ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Tanzania, njia za umeme mkubwa zimeelekezwa katika nchi zote tatu, zikipita juu ya mabonde, mashamba na malisho yetu.

Funzo kutoka Marekani

Jioni ya tarehe 27 Novemba 2022, katika jimbo la Maryland, ndege ndogo iliyokuwa ikikaribia uwanja katika hali ya ukungu iligonga mnara wa umeme, ikanasa humo takriban mita 30 kutoka ardhini. Waliokuwamo wawili walikuwa hai. Waokoaji walifika wakiwa na vifaa, lakini hawakuwagusa hadi mafundi walipohakikisha kwamba umeme umezimwa na nyaya zimeunganishwa na ardhi. Watu hao waliteremshwa baada ya usiku wa manane. Wote wawili walinusurika, na hakuna mwokoaji aliyeuawa na umeme. Ikiwa wenye ujuzi na zana walingoja, basi sisi tusio na zana tunao wajibu mkubwa zaidi wa kungoja.

Yatupasayo kutenda

Kwanza, tulinde alama. Matufe ya rangi yaliyotundikwa katika nyaya na taa nyekundu za minarani ndiyo macho ya rubani. Anayeyaiba au kuyatungua kwa manati, na anayefungua vyuma vya mnara, ahatarisha roho za watu. Tukimwona, tutoe taarifa polisi.

Pili, tukiona ndege ikiruka chini mno mara kwa mara karibu na nyaya, tuandike siku, saa, mahali, uelekeo na herufi za ubavuni. Herufi hizo hutambulisha nchi ilikosajiliwa: 5H ni Tanzania, 9XR Rwanda, 9U Burundi, 5X Uganda, 5Y Kenya, na 9Q Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tusiirushie jiwe wala kuitishia kwa silaha. Huenda inafanya kazi halali.

Tatu, ajali ikitokea, tupige simu polisi na kwa shirika la umeme mara moja. Tusisogee. Mita 10 kutoka waya ulioanguka ni kipimo cha chini kabisa. Kwa nyaya za minara mikubwa tusimame mbali zaidi. Waya ulionyamaza si lazima uwe umekufa, kwani mitambo huweza kurudisha umeme yenyewe. Umeme husambaa pia ardhini, hivyo anayejikuta karibu aondoke kwa kuburuza miguu iliyoshikana, asipige hatua ndefu. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, huuawa kwa urahisi zaidi. Mifugo iondolewe mapema.

Nne, waliomo ndani ya ndege waelekezwe kwa sauti wabaki humo hadi umeme uzimwe, isipokuwa moto ukizuka. Hapo waruke miguu ikiwa pamoja, wala wasiguse ndege na ardhi kwa wakati mmoja.

Tano, tusichukue mafuta wala kipande chochote. Nchi ambamo ajali imetokea ndiyo yenye jukumu la kuichunguza, na kila kipande ni ushahidi. Ajali ikiwa ng'ambo ya mpaka, tuarifu kituo cha upande wetu, nacho kitawasiliana na wenzake.

Kungoja si ukosefu wa huruma. Anayewazuia wenzake wasiusogelee waya ameokoa maisha.