SOMO LA KIKUNDI: TUTAWAPATA WAPI WENZETU WA KUACHA POMBE?



Tuseme ni siku ya mkutano wenu. Mama mmoja hana mchango tena, na kila mtu anajua sababu. Mzee wake aliuza lile debe la mahindi akavuka mpaka kunywa waragi. Watu wananong'ona, "Huyo mzee hana haya." Mkutano unafungwa kwa maombi, kila mtu anaenda kwake.

Sasa tuulizane. Huyo mzee akiamka kesho aseme, "Nimechoka, nataka kuacha," mtamwelekeza wapi?

Swali hili ni letu hapa Busia na Malaba. Busaa iko nyumbani, chang'aa iko kwa jirani, waragi iko hatua chache ng'ambo. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba eneo la Magharibi linaongoza Kenya kwa unywaji: karibu mtu 1 kati ya 4.

Ilianza na msafiri

Mwezi Mei 1935, mfanyabiashara aitwaye Bill W. alikuwa mji wa Akron, Marekani, mbali na nyumbani kwake New York. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeanguka. Alikuwa ameacha pombe miezi 5 tu. Pale hotelini alisikia vicheko vya baa, na kiu ikamshika. Madereva wetu wanaolala Malaba wakingoja kuvuka wanaijua jioni kama hiyo.

Bill hakuingia baa. Aliona orodha ya makanisa, akapiga simu. Hakuomba pesa wala mahubiri. Alitaka kukutana na mlevi mwingine, waongee. Akaelekezwa kwa daktari mmoja aliyeshindwa kuacha pombe, Dk. Bob. Daktari alikubali kukaa dakika 15, wakaongea zaidi ya saa 6. Mwezi uliofuata Dk. Bob akanywa mara ya mwisho maishani. Huo ndio mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani AA, ambayo leo iko nchi nyingi, hata Kenya.

Mkutano wenyewe ukoje?

Hakuna ada wala kadi. Sharti ni moja tu: uwe unataka kuacha pombe. Unasema jina lako la kwanza, na ukitaka kunyamaza unanyamaza. Kila mtu anaeleza yaliyompata yeye, si ya jirani. Yanayosemwa pale yanabaki pale. Mikutano mingine ni ya wanaotaka kuacha peke yao. Mingine iko wazi hata kwa ndugu na marafiki.

Tutafuta namna gani?

1. Pigeni simu 1192 ya NACADA. Hailipishwi. Mtapata mshauri, na mnaweza kuuliza msaada ulio karibu.

2. Ulizeni hospitali: ile ya rufaa ya kaunti pale Busia, au Kocholia kwa walio upande wa Malaba. Semeni wazi, "Nani hapa anasaidia watu wa pombe? Anajua kikundi chochote?"

3. Ulizeni viongozi wa kanisa na wa msikiti.

4. Mtafuteni mtu wa kijiji aliyeacha pombe akasimama. Huyo anajua mengi kuliko sisi wa kunong'ona.

Mkipata kikundi, ulizeni siku, saa, lugha na nauli. Mkutano wa saa nne asubuhi haumfai mtu wa boda boda. Na mara ya kwanza msimtume mtu peke yake. Msindikizeni hadi mlangoni.

Tukikosa je?

AA wenyewe wanasema watu 2 au 3 waliokutana ili waache pombe wanatosha kuwa kikundi. Kwa hivyo anzeni na wawili. Chagueni mahali pasipo karibu na kilabu cha pombe, siku ileile, saa ileile kila wiki. Msikichanganye na chama cha pesa, kwa maana anayeogopa kudaiwa mkopo hatakuja. Anayeanguka akanywa tena asipigwe faini wala kufukuzwa. Arudi wiki ijayo. Na wake, waume na watoto wa wanywaji nao wakutane wao kwa wao, maana mzigo wao ni mwingine.

Tahadhari

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila kuonana na daktari. Siku za kwanza anaweza kutetemeka, kuona vitu ambavyo havipo, hata kupata degedege na kufa. Si pepo, ni mwili umezoea pombe. Mpelekeni hospitali upesi. Vilevile aliyekunywa chang'aa kisha macho yakafifia, msimwache alale "iishe." Hiyo inaweza kuwa sumu.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kikundi chetu, mlevi tunamsema au tunasema naye?
- Nani kijijini aliacha pombe? Tumewahi kumuuliza alifanyaje?
- Ni siri gani tuliwahi kutoa nje, mtu akakosa kutuamini?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, wanachama 2 watafute habari hizi na kuziandika kwenye daftari la kikundi: namba ya simu, mahali, siku na saa. Yule mzee akija kuuliza, asikute bado tunatafutana.