Hirizi Umeifungua, Sasa Unatafuta Mafuta

Mama uliyeandika kutoka Tukuyu,

Umeuliza kama sadaka ya ukombozi ya shilingi laki tatu, anayoidai nabii wa huko mjini pamoja na chupa ya mafuta, inatosha kumsafisha Mkristo aliyekwenda kwa mganga. Lakini kinachokunyima usingizi umekitaja katikati ya barua, tena kwa haraka: unaogopa Mungu atamchukua mtoto ili akulipize.

Mwanao alishikwa na degedege usiku. Mama mkwe akasema mtoto wa degedege hachomwi sindano, mkaenda kwa mganga, akafungwa hirizi kiunoni. Kulipokucha mkamkimbiza kituo cha afya, akatundikiwa dripu na kuchomwa sindano za malaria, akapona. Hebu wape wauguzi haki yao, mama. Tena huyo Mungu anayemvizia mtoto ili amkomoe mzazi hukufundishwa kanisani. Unamjua kutoka kilingeni, ambako kila uponyaji una bei na asiyemaliza deni hurudiwa na ugonjwa. Hofu ya mganga umeivika kanzu ya mchungaji.

Ulitenda dhambi, sikufichi. Amri ya kwanza uliikariri wakati wa kipaimara, na Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, aliieleza kwa namna inayotubana sote: mungu wako ni yule ambaye moyo wako unamtegemea. Usiku ule ulitegemea uzi uliofungwa fundo. Leo unataka kutegemea chupa. Na wewe ni Mlutheri! Hoja 95 za mwaka 1517 ziliandikwa kupinga biashara ya vyeti vya rehema, aliyokuwa akiihubiri mtawa Johann Tetzel huko Ujerumani. Kanisa lako lilizaliwa katika ugomvi juu ya swali hilo hilo uliloniuliza.

Fungua 2 Mambo ya Nyakati 33 usome habari za Manase. Baba yake, Hezekia, aliivunja nyoka ya shaba ya Musa kwa kuwa watu walikuwa wakiifukizia uvumba, ingawa zamani kwa hiyo nyoka Mungu aliwaponya baba zao. Mwana akaja kujenga upya madhabahu za Mabaali, akaiweka sanamu ndani ya hekalu lenyewe, akafuata wapiga ramli, akawapitisha wanawe motoni. Hapo kwenye wanawe usiparuke. Kisha Waashuru wakamtia pingu na kumpeleka Babeli. Kule hakukuwa na hekalu wala kuhani. Alijinyenyekeza akaomba, basi, na Mungu akamsikia, akamrudisha Yerusalemu. Sanamu aliziondoa baada ya kurudishwa! Alipokelewa angali na uchafu wote nyumbani kwake, akaja kuufagia baadaye. (Kitabu cha Wafalme hakiitaji toba hiyo hata kidogo. Jiandae, wapo watakaokukumbuka hivyo hivyo, kwa lile kosa tu.)

Hirizi unasema ungali umeificha sandukuni, unaogopa kuichoma. Ichome. Waefeso walichoma vitabu vyao vya uchawi hadharani, lakini yako ni uzi tu, jiko la mkaa linatosha. Usimwite mtu kuja kuiombea.

Mumeo ni mzee wa kanisa, na bora asikie kwako kabla ya kusikia kwa majirani. Usimtwishe mama mkwe lawama zote. Alikuwa bibi anayeogopa kumzika mjukuu. Kisha nendeni wote wawili kwa mchungaji. Huenda akakuambia usubiri Chakula cha Bwana mpaka urudi kundini mbele ya usharika. Desturi hiyo siipendi inapowaangukia wanawake peke yao, na hilo unaweza kumwambia mchungaji kwa adabu. Ukikubali kusimama, simama ukijua kwamba msamaha hauanzii pale mbele. Umekuja kwako tangu ulipotubu, na pale waumini wanakurudisha mezani tu.

Nabii usimlipe hata senti. Akikuambia kwamba usipotoa mtoto atakufa, utakuwa umeisikia kauli ya kilingeni kwa mara ya pili.

Na mtoto akipata homa tena, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Degedege likimshika, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mkimbize kituo cha afya hata kama ni saa nane za usiku. Omba mkiwa njiani. Mama mkwe naye mchukue, ile habari yake ya sindano akaiulize kwa muuguzi mwenyewe.