Maranda ya Banda: Kuyachagua, Kuyatandaza na Kuyatoa

Kijitabu kwa wafugaji wa Ngaka, milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha mfugaji wa kuku, nguruwe au ng'ombe wa maziwa anayefugia bandani. Milimani kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, kisha Juni na Julai huja na baridi inayoua vifaranga na watoto wa nguruwe. Kule ziwani, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, tabu ni joto na unyevu. Pande zote mbili dawa ya kwanza ni sakafu kavu.

Maranda hunyonya mkojo, humkinga mnyama na baridi ya sakafu na hulinda miguu na kwato. Yakilowa huacha kufanya kazi zote tatu kwa pamoja, na huanza kulea vijidudu. Kwa hiyo, kila shauri lililomo humu linarudi kwenye ukavu.

1. KABLA YA KUBEBA GUNIA

Kwa seremala au kwenye mashine ya kupasua mbao, uliza maswali matatu.

Ni mti gani? Maranda ya msindano na mkaratusi yaliyokauka vizuri yanafaa. Vumbi la mninga huwasha macho na pua za watu, basi usilifungie bandani pamoja na wanyama.

Mbao zimewekwa dawa? Dawa inayotumika sana kuzuia mchwa ina shaba, kromiamu na aseniki, na mara nyingi huacha rangi ya kijani kwenye mti. Aseniki ni sumu kwa kuku, kwa ng'ombe na kwako. Usichukue mabaki ya nguzo za umeme wala ya mbao za paa zilizotiwa dawa, na usiyachome, maana moshi na majivu yake hubaki na sumu. Acha pia mabaki ya mbao za kubandikwa kwa gundi.

Yamekaa wapi? Rundo lililonyeshewa huota ukungu kwa ndani hata kama juu linaonekana kavu. Ukungu huo hushika mapafu ya vifaranga, na hakuna tiba ya maana. Rundo lililokaa kando ya barabara ya malori ya makaa ya mawe litakuwa limebeba vumbi jingi, usilichukue.

Kipimo cha mkono: chota konzi moja kutoka katikati ya rundo, bana kwa nguvu, kisha fungua. Yakitawanyika, ni makavu. Yakibaki donge, yaanike juani siku kadhaa au yaache.

Maranda na vumbi la msumeno si kitu kimoja. Vumbi hushikana likilowa, huingia kwenye njia ya hewa, na vifaranga hulidonoa wakidhani ni chakula. Kwa ng'ombe wa maziwa, vumbi bichi la mbao hulea bakteria aina ya Klebsiella, ambao husababisha ugonjwa mkali wa kiwele. Chagua vipande vya randa vilivyo bapa na vikubwa.

Maranda yakikosekana: pumba za mpunga zinafaa sana kwa kuku. Makapi ya kahawa hufaa yakiwa makavu na yasiyo na ukungu, ila usiyaweke mahali mnyama atakapoyala. Nyasi kavu na mabua ya mahindi yakatwe vipande vifupi kwanza.

2. KUTANDAZA

Fagia sakafu, iache ikauke kabisa, ondoa misumari. Sakafu ya saruji iwe na mteremko mdogo kuelekea mfereji wa nje.

• Vifaranga: unene wa sentimita 5. Kama unawapasha joto kwa jiko la mkaa, liweke juu ya matofali, lizungushie wavu, na uache tundu la hewa. Maranda makavu hushika moto upesi, na moshi wa mkaa huua kimya kimya.
• Kuku wakubwa: sentimita 8 hadi 10.
• Nguruwe: sentimita 10 hadi 15 kwenye kona ya kulala tu. Nguruwe akipewa nafasi hutenga mahali pa kunyea, kwa kawaida karibu na maji. Pale usiweke maranda. Nguruwe anayekaribia kuzaa mwongezee, kwa kuwa watoto wachanga wanahitaji joto la nyuzi 30 hadi 34.
• Ng'ombe wa maziwa: sentimita 15 mahali pa kulala.

Hesabu ya magunia: chumba cha mita 3 kwa 4, kwa unene wa sentimita 8, huchukua karibu mita 1 ya ujazo. Hayo ni magunia saba au manane ya mahindi.

3. KAZI YA KILA SIKU

Asubuhi ondoa kinyesi cha ng'ombe na nguruwe pamoja na maranda yaliyolowa, kisha jaza pengo kwa makavu. Banda la kuku lipindue kwa reki mara mbili kwa wiki, na madonge yaliyo chini ya vyombo vya maji yatolewe siku hiyo hiyo. Inua vyombo hivyo hadi usawa wa mgongo wa kuku. Maji mengi yanayolowesha banda hutoka hapo, si kwenye mvua.

Ndani ya maranda yaliyolowa na kupata joto ndimo vimelea vya kuhara damu hukomaa, kwa siku moja au mbili tu. Dawa ya kuhara damu bila kukausha banda ni fedha iliyopotea.

Harufu kali ya mkojo ni amonia. Huunguza macho na mapafu, na mtu aliyezoea banda lake huacha kuisikia. Kwa hiyo chuchumaa hadi usawa wa kuku, vuta pumzi, na mwombe jirani afanye vivyo hivyo. Macho yakiwasha, fungua madirisha na utoe tabaka lililolowa. Usimwage majivu wala chokaa juu ya maranda yenye mkojo wakati mifugo imo ndani: huzidisha amonia inayopanda hewani.

4. HOMA YA NGURUWE

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na virusi vyake hukaa kwenye damu, kinyesi na matandiko. Usiazime maranda, koleo wala toroli kutoka banda jingine. Nguruwe wakifa kwa ghafla, maranda yasitoke nje ya banda hadi afisa mifugo aelekeze namna ya kuyateketeza.

5. YAKISHATOKA, YAENDE WAPI?

Yasiende moja kwa moja kwenye ngolo, mashimo yetu ya kulimia. Nyasi tunazozifukia kwenye ngolo huoza upesi na kulisha maharage, kisha mahindi. Mbao ni jambo jingine: maranda yana kaboni ipatayo mara 400 ya naitrojeni, na vijidudu vinavyoyaozesha huchota naitrojeni ya udongo. Mahindi yatageuka manjano mwaka huo huo.

Yaozeshe kwanza:

1. Tengeneza lundo la kimo cha mita 1 na upana wa mita 1.5, mbali na kisima na kijito.
2. Changanya maranda na kinyesi kingi na majani mabichi.
3. Nyunyiza maji hadi konzi ukiibana itoe matone machache tu.
4. Funika kwa nyasi mvua isije ikaosha mbolea. Geuza kila wiki mbili.
5. Ndani joto lifike nyuzi 55 au zaidi, ili mbegu za magugu na vimelea vingi vife.

Baada ya miezi 4 hadi 6, lundo likiwa jeusi na halina joto tena, liweke kuzunguka mibuni au kwenye ngolo.

6. NA FARASI JE?

Farasi ni wachache nchini, mojawapo ya sababu ikiwa ndorobo na ugonjwa wa nagana. Mwenye farasi au punda wa bandani afuate kanuni hizi hizi, akikazania kuepuka vumbi, kwani mapafu ya farasi ni mepesi kudhurika. Maranda ya mti wa Marekani uitwao black walnut huvimbisha kwato za farasi kwa ndani katika muda usiozidi siku moja. Mti huo si wa misitu yetu, ila mabaki ya mbao za kigeni usiyatumie bila kujua ni za mti gani.

MWITE AFISA MIFUGO WA KATA MAPEMA ukiona: vifaranga wakihema kwa mdomo wazi, kinyesi chenye damu, kiwele kilichovimba na kuwa na joto, au nguruwe zaidi ya mmoja wakikataa chakula siku moja. Mweleze pia umetandika nini, kimetoka wapi na lini ulibadilisha.