Jivu, Jik na Choo

Wenzangu, na ninyi wakubwa mliokwisha kutoka shuleni mkawa na nyumba zenu, nataka kusema kidogo juu ya kusafisha.

Jivu la kuni hung'arisha sufuria kwa kuwa chembe zake hukwaruza masizi, tena lina chumvi kali, jamaa ya magadi, iyageuzayo mafuta yakawa kama sabuni. Lakini usiliache jivu lililolowa juu ya alumini usiku kucha, maana huila.

Jambo kubwa ni choo. Wako wanaodhani kwamba dawa mbili zikichanganywa zitafanya kazi maradufu. Basi humwaga Jik, kisha asidi ya kuondolea madoa. Hapo hutoka hewa ya klorini, ile ile iliyowaua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Nayo ni nzito, hukaa chini, pale pale unapoinama na brashi. Hata mkojo ukikutana na Jik hutoa hewa mbaya ya kuwasha macho. Kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza, ndipo utie Jik peke yake. Ukisikia harufu ya kukaba koo, toka mbio; ndoo iache huko huko.